Sifa za Klachi Inayoteleza

Wenye pua za kistaarabu hufukiza udi. Mimi nipeni gari la spoti la zamani linalopanda mlima kwa gia ya pili, dereva kaikalia klachi kwa mguu mzima, nami niko nyuma yake nimeshusha kioo. Msinicheke. Udi ni mti ulioshikwa na maradhi ukajaa utomvu. Kitambaa cha klachi nacho kimegandishwa kwa utomvu, japo wa kiwandani, na vyote viwili havitoi siri yao mpaka vichomwe. Tofauti ni kwamba udi huchomwa kwa makusudi. (Klachi za kale zilitiwa asbesto. Hizo zisifuni kwa mbali, na vumbi lake msilipulize kwa kompresa kama walivyozoea mafundi wa enzi hizo.)

Nani mwingine ndani ya gari anayefanya kazi ya mshenga? Injini haijui kutulia: hata mkisimama kwenye taa, yenyewe inazunguka karibu mara 900 kwa dakika. Magurudumu yamekaa kimya kama mwari. Ukiwakutanisha ghafla, injini inazimika au kitu kinakatika. Ndipo pleti ya klachi inapojiingiza katikati, huku flaiwili, kule presha pleti, ikitelezateleza kidogo, ikimpoza huyu na kumhimiza yule, mpaka wote wawili wanakwenda mwendo mmoja. Ile tofauti ya mwendo wao haipotei bure. Inageuka joto, na joto linaila pleti nyama yake. Wakishashikana, mshenga hakumbukwi na mtu, ila naye hapo haliwi tena.

Kwa hiyo anayeuliza klachi ya kiwandani hudumu kilomita ngapi kwenye gari la spoti anauliza habari za masafa, na mshenga hahesabu masafa. Anahesabu ndoa. Kilomita 500 za barabara kuu kwa gia ya juu hazimgusi. Nusu saa ya foleni kwenye mwinuko, umelishikilia gari kwa klachi kwa kuwa breki ya mkono unaionea uvivu, inamla kuliko safari hiyo yote. Ndiyo maana magari mawili yatatoka kiwanda kimoja mwaka mmoja, moja likamaliza klachi kabla ya kilomita 40,000, jingine likavuka 150,000 na ile ile. Magari ya spoti yana mkosi wa ziada: nguvu nyingi, gia ya kwanza ndefu, na dereva ambaye mara nyingi kuna mtu anataka amwone. Mita ya kilomita unaweza kuirudisha nyuma, rangi ukaipuliza upya. Klachi inatunza kumbukumbu ya mguu wa kila aliyewahi kukaa pale, na siku ya kusema haimstahi mtu.

Wala msiidharau klachi mbovu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwapo Italia tajiri wa matrekta, Ferruccio Lamborghini, aliyekuwa na Ferrari 250 GT yenye klachi iliyomsumbua kila mara. Kwa jinsi mwenyewe alivyopenda kusimulia, alichoka kulirudisha gari kwa wenyewe, akalifungua kwenye karakana yake, akakuta klachi ile haina tofauti na ile anayoifunga kwenye matrekta. Akaenda kulalamika kwa Enzo Ferrari. Enzo akamjibu, kwa adabu ndogo, kwamba mtu wa trekta ashike trekta lake. Mwaka 1963 Lamborghini akaanzisha kiwanda cha magari huko Sant'Agata Bolognese, na mwaka uliofuata 350 GT ikaingia sokoni. Wapo watakaotafuta sababu nyingine, za biashara na hesabu, waacheni watafute. Mimi nashika ya klachi. Nitajieni pistoni moja, au taa moja ya nyuma, iliyowahi kuzaa kiwanda. Na ili msidhani ugomvi ule ulimfunza mtu kitu, kumbukeni Countach, uzao wa kiwanda hicho hicho: pedali yake ya klachi ilikuwa nzito kiasi kwamba foleni ya mjini ilikuwa zoezi la mguu wa kushoto.

Kuna wauzaji wanaojisifu kwamba gari lina miaka 35 na klachi bado ni ya kiwandani. Nikisikia hivyo nalihurumia gari. Ni kama mkeka wa wageni uliokunjwa juu ya kabati mpaka panya wakazalia humo. Lakini hata huko klachi ina heshima zake, haikubali kuishi milele kwa hila. Porsche 911 SC za mwishoni mwa miaka ya 1970, na 944 iliyoanza mwaka 1982, ziliwekewa pleti yenye mpira katikati ili kuzima kelele za giaboksi. Kelele zikazimika. Ila mpira hauhesabu kilomita. Wenyewe unahesabu miaka na joto. Mwenye gari alitoe Jumapili tu, alifunike shuka, aliongeleshe. Siku moja mpira unachanika, vipande vinakwama, gia haziingii, na kitambaa chenyewe bado kinene. Pleti imekufa ikiwa imenona!

Tena kwenye 944 imejichagulia kaburi la kifalme. Injini iko mbele, giaboksi iko nyuma, kati yao bomba refu lenye shafti ndani yake, na klachi iko huko mbele kwenye injini. Kuifikia unatoa ekzosi, unashusha giaboksi, unalivuta bomba kurudi nyuma, ndipo unamwona marehemu, kitu cha ukubwa wa sahani ya pilau. Hapo fundi anafuta mikono na kutamka maneno yaliyosomesha watoto wengi: maadamu tumeshafungua. Maadamu tumeshafungua, tuweke rilizi beringi mpya. Maadamu tumeshafungua, sili ya krenki inavuja kidogo, angalia mwenyewe. Maadamu tumeshafungua, flaiwili ikachongwe. Na ukweli unaoudhi ni kwamba ana haki kila mara, kwa sababu anayeacha beringi ya shilingi chache humo ndani atakuja kuilipia ushushaji wa giaboksi kwa mara ya pili. Mkononi mwa klachi pekee ndimo kitu kidogo kinapofungua mlango wa mfuko mzima, na mwenye mfuko akashukuru.

Langu ni la milango miwili, la mwaka 1991, la kampuni nisiyoitaja. Aliyeniuzia aliapa kwamba klachi ni ya kiwandani, nami namwamini. Hilo ndilo tatizo. Leo alfajiri nimelipima kama mafundi wanavyopima: barabara tupu, gia ya nne, kilomita 50 kwa saa, kisha mafuta mpaka chini. Injini ikapaza sauti, mshale ukakimbilia kwenye namba nyekundu, na gari likaendelea na kilomita zake 50 kana kwamba anaitwa mtu mwingine. Nikashusha kioo.