Bunduki ya Babu na Malimau ya Jikoni

Ugomvi ulioigawa nyumba ya Baba mkubwa, pale Mikelenge, ulitokana na mfuko wa ngozi. Bunduki ya marehemu babu, kalibre 12 ya mitutu miwili, ilikuwa imelala ndani yake juu ya dari tangu mvua zianze. Nyumba nzima iliamini ngozi inalinda. Kumbe ngozi hunywa unyevu na kuushikilia, na chumvi iliyobaki humo tangu ilipotengenezwa huchochea kutu. Hapa Kindu, mto Lualaba ukipita kando yetu na mvua zikipumzika kidogo tu kati ya Juni na Agosti, chuma kilichofungiwa ngozini hakina bahati.

Mfuko ulipofunguliwa, mitutu ilikuwa imejaa madoa mekundu. Baba mkubwa hakupiga kelele. Alifungua bunduki, akatazama matundu yote mawili kuhakikisha hamna kartushi, akatenganisha mitutu na ubao, kisha akaanza kutafuta namba. "Kibali kina namba na bunduki ina namba," alisema. "Zisiposomeka sawasawa, mali ya baba yangu inakuwa haina mwenyewe."

Namba ilionekana. Kando yake kulikuwa na chapa ya umbo la yai yenye herufi ELG, na taji juu yake. Hiyo ni alama ya ofisi ya majaribio ya Liège, Ubelgiji, ambako mtutu hufyatuliwa kwa baruti kali kuliko ya kawaida kabla ya kuuzwa. Taji liliongezwa mwaka 1893, kwa hiyo bunduki yetu haikutengenezwa kabla ya hapo. Baba mkubwa aliipapasa kwa kidole gumba, akatuonya tusiguse kitu, akavuka mto kwenda Alunguli kwa shughuli zake.

Mdogo wetu wa mwisho alitaka kumfurahisha. Kila siku humwona Mama mkubwa aking'arisha sufuria kwa limau na majivu, naye akafanya vilevile kwenye ncha ya mitutu. Kutu ilitoka. Weusi nao ukatoka, pakabaki doa jeupe pana kama kiganja. Baba mkubwa aliporudi jioni, aliketi chini uani na viatu vyake vya safari, asiseme neno. Mama mkubwa akamkinga mtoto, shangazi wakamlaumu Mama mkubwa kwa malimau yake, na chakula cha usiku kikaliwa kwa makundi mawili.

Aliyetuokoa ni mzee jirani, mstaafu wa karakana ya reli. Kwanza alitueleza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua: weusi wa mitutu ya zamani nao ni kutu. Fundi hukipaka chuma dawa ya kukishikisha kutu nyekundu, halafu hukichemsha majini mpaka wekundu ugeuke weusi mgumu, akapiga brashi, akarudia tena na tena. Asidi haichagui. Limau, siki, hata soda ya kola, hula kutu mbaya na nzuri kwa pamoja. Msasa ni hatari zaidi, maana unaweza kufuta hata namba.

Mama mkubwa, akitaka amani, alileta chupa ya mawese. Mzee alikataa kwa heshima: mawese ya nyumbani yana asidi yake, na yakikaa huganda kama gundi. Akaomba mafuta mepesi ya injini ya pikipiki, akayachanganya na petroli kidogo, akapaka mitutu yote na kuiacha hadi asubuhi.

Kukwangua kulihitaji kitu laini kuliko chuma. Hapo Mama mkubwa alifungua kanga yake na kutoa sarafu ya mama yake: faranga 2 za Kongo ya Wabelgiji, za mwaka 1943, shaba ya njano ya pembe sita yenye picha ya tembo. Mzee aliijaribu kwanza chini, sehemu inayofunikwa na ubao. Haikuchora. Akailaza karibu bapa, akaisukuma polepole juu ya mafuta. Kutu ilijikusanya mbele ya ukingo kama tope la kahawia. Akafuta kwa kitambaa, akapaka mafuta mapya, akaendelea. Penye vishimo hakukwangua, kwa sababu anayefukuza kutu mpaka chini ya shimo humaliza weusi wote wa pembeni. Pamba ya chuma ya jikoni ilirudishwa jikoni: ni nene mno, hutakiwa ile laini kabisa ya sifuri nne. Kwa hatua hiyo, shangazi walikuwa wamesogeza viti vyao karibu na mkeka.

Doa jeupe lilibaki. Mzee alisema linaweza kurudishiwa weusi kwa njia ileile ya kushikisha kutu na kuchemsha, watu wote wakageukia sufuria kubwa. "Sufuria yangu ya sombe haichemshi bunduki," alisema Mama mkubwa, na Baba mkubwa, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze, alikuwa upande wake. Mfuko wa ngozi umetolewa. Bunduki inakaa kabatini, imefungwa kwa ufunguo, ndani ya kitambaa kikavu cha pamba, na kila Jumapili mdogo wetu hulifuta lile doa kwa mafuta, Baba mkubwa akiwa amesimama nyuma yake.