Kipupwe cha Minneapolis

Mwalimu wetu wa Kiingereza pale Tanga alitufundisha kwamba yale majira ya Wazungu yanayoingia Desemba, kwa Kiswahili ni kipupwe. Nilimwamini, maana kipupwe nilikuwa nakijua. Ni Julai, kusi inavuma, bibi anatoa sweta sandukuni, na wauza kahawa wa Ngamiani hawapati nafasi ya kukaa. Balaa kubwa la kipupwe ni mafua. Mimi nilihamia Minneapolis mwaka 2017, na mwalimu yule, kama bado yupo, namwomba aje achukue kipupwe chake. Januari 2019 kipimajoto kilishuka hapa hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Posta ikasitisha kupeleka barua. Jirani yangu akatoka nje na sufuria ya maji yanayochemka, akayarusha hewani ili wanawe waone yanavyogeuka wingu kabla hayajagusa ardhi, kisha akarudi ndani mbio kama mtu aliyemwagiwa yeye.

Katika mji huo huo, kwa hiari yangu, bila kutishwa wala kuahidiwa hata senti, naendesha baiskeli wakati wa baridi.

Wala si kwenda kazini. Kazini naenda na gari. Baiskeli ni ya Jumamosi, ya kujifurahisha, na hapo ndipo mama anaponishindwa. Sisi wa Tanga baiskeli tumezaliwa nayo. Mtu mzima wa miaka sitini anapita na baiskeli yake na kapu la samaki nyuma, hakuna anayegeuza shingo. Lakini baiskeli ya Tanga ina safari. Inakwenda sokoni, inakwenda shamba, inakwenda msibani. Haizunguki tu.

"Unakwenda wapi na baridi hiyo, mwanangu?" aliniuliza kwenye simu.

"Siendi popote, mama. Nazunguka ziwa."

"Upande wa pili kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nikimaliza kuzunguka narudi pale pale nilipoanzia."

Kimya. Nilisikia kuku wa jirani, nikasikia mtu anauliza kuna nini, kisha mama akashusha sauti kama anayeogopa kusikiwa na ukoo mzima: "Niambie kweli. Gari umeliuza?"

Msimu wangu wa kwanza niliadhirika kwa sababu ya hesabu. Redio ilisema asubuhi hiyo ni sifuri. Nikafikiri ni ile sifuri ya shuleni, ambapo maji huanza kuganda, na sifuri ya namna hiyo nilishaizoea. Marekani wana sifuri yao. Wanapima kwa Farenhaiti, na sifuri hiyo kwa vipimo vyetu ni nyuzi 18 chini. Nilitoka na glavu za kuendeshea gari. Kufika kona ya pili vidole vilikuwa vimeacha kuwa vyangu, na breki nikawa nazivuta kwa viganja, kama mtu anayekamua ng'ombe asiyemjua.

Wiki iliyofuata nikavaa kila nilichokuwa nacho. Hilo nalo kosa. Wazoefu wa hapa watakwambia kwamba ukitoka mlangoni ukajisikia vizuri, umeshavaa kupita kiasi. Sharti uanze safari unatetemeka. Mimi nilitoka najisikia vizuri mno. Baada ya kilomita mbili nilikuwa nimelowa kama abiria wa katikati kwenye daladala ya mwezi wa tatu. Kisha taa nyekundu ikanisimamisha, upepo ukaingia kwenye kola, na jasho lile lote likapoa kwa mpigo. Nilirudi nyumbani nimekakamaa kama kanzu iliyosahauliwa kwenye kamba.

Tairi nilizipata sawasawa. Huku kuna tairi za baridi zenye misumari. Zangu zinatoka Ufini, na kila moja ina vijisumari 240 vya chuma kigumu vinavyochoma barafu usiteleze. Nilikokulia, msumari kwenye tairi ni pancha, na fundi pancha wa mtaani kwetu amesomesha watoto watatu kwa misumari ya aina hiyo. Mimi nimeinunua kwa pesa ambayo Tanga ningepata baiskeli nzima na chenji juu. Ukipita nayo kwenye lami kavu inachachatika kama bhajia zikitumbukia kwenye mafuta, na watu hugeuka kutafuta kinachokaangwa.

Sasa nieleze habari ya chumvi, maana ndiyo iliyoniponza.

Theluji ikidondoka, magari ya manispaa hupita yakimwaga chumvi barabarani ili iyeyuke. Bahari iko mbali na hapa zaidi ya kilomita elfu moja, lakini baiskeli yangu inarudi nyumbani imechafuka kuliko iliyolala ufukweni Raskazone. Na mtu wa pwani hafundishwi kutu. Baba yangu alikuwa haingizi baiskeli ndani kabla ya kuipangusa. Alikuwa akisema kwamba chumvi haina haraka lakini hailali. Kwa hiyo Ijumaa moja ya Januari, mke wangu akiwa zamu ya usiku, nikaiingiza baiskeli bafuni, nikaiogesha kwa maji ya moto na sabuni kama mtoto mchanga. Nikamimina kwenye cheni, nikamimina kwenye gia, nikamimina hasa kwenye friwili ya nyuma, kule katikati chumvi inakojificha. Ikang'aa. Nikailaza sebuleni, nikalala mwenyewe na roho safi.

Asubuhi kulikuwa na sifuri. Sifuri yao.

Kofia yangu ya mzula sikuiona. Nikachukua kanga ya mke wangu iliyokuwa juu ya kiti, nikajizungushia shingoni na usoni mara mbili, nikabakiza macho. Nilikuwa na haraka, sikusoma ilivyoandikwa.

Kuna njia hapa inaitwa Midtown Greenway. Zamani ilikuwa reli. Imechimbwa chini ya usawa wa barabara, madaraja yanapita juu yako, na inakata mji kwa kilomita karibu 9 kutoka upande wa Mississippi hadi kwenye maziwa. Wakati wa baridi wanaifagia mapema kuliko mtaa wangu, jambo ambalo nimelilalamikia mara nyingi, na kila Jumamosi nalisamehe. Nilipita pale nikiwa na furaha isiyo na maelezo. Baiskeli ilikuwa kimya, safi, nyepesi. Nikafika Bde Maka Ska, ziwa lililorudishiwa jina lake la Kidakota baada ya miaka mingi ya kuitwa Calhoun, na badala ya kulizunguka nikasema leo nakata katikati.

Barafu niliyokulia ni ile ya ukwaju, imefungwa kwenye kifuko cha nailoni, unaing'ata pembeni unaanza kufyonza huku inakutiririkia hadi kwenye kiwiko. Haikuwahi kunijia kwamba siku moja nitasimama juu yake. Idara ya maliasili ya Minnesota inasema barafu mpya yenye unene wa inchi 4 inatosha kumbeba mtu anayetembea, na siku hiyo wavuvi waliokuwa wanaitoboa walisema imepita futi moja. Nilijua yote hayo. Hata hivyo ziwa lilipotoa mlio, ule mngurumo mrefu wa barafu inayojinyoosha, nilisoma dua zote nilizofundishwa madrasa, pamoja na moja ambayo nadhani ni ya kula.

Kisha pedeli zikalegea.

Nilikanyaga, miguu ikazunguka, baiskeli haikuitikia. Nikadhani cheni imechomoka. Haikuchomoka. Nikakanyaga tena kwa nguvu, zikazunguka bure kama feni, nami nikaanza kupunguza mwendo taratibu kabisa katikati ya ziwa jeupe, nikipiga pedeli kwa bidii ya bingwa, mpaka nikasimama na kuangukia ubavu. Mvuvi mmoja alininyanyulia kikombe chake.

Anayeijua baiskeli ameshaelewa. Ndani ya friwili kuna vijino vyenye springi. Ndivyo vinavyotoa ule mlio wa tiki-tiki-tiki ukiacha kukanyaga, na ndivyo vinavyong'ata ukikanyaga ili gurudumu lizunguke. Maji yangu ya moto ya jana yalikuwa yameingia humo, yakalala sebuleni kwa adabu, na asubuhi hii yamegandia pale pale. Vijino vimelala kwenye barafu, havinyanyuki. Ningeiacha baiskeli na chumvi yake ningekuwa upande wa pili wa ziwa.

Yako matibabu ya dharura ya kuyeyusha kitu kilichoganda ambayo mwanamume anayo mwilini wakati wote. Niliyafikiria. Lakini wavuvi walikuwa wanaangalia, na mimi ni mtoto wa watu.

Aliyeniokoa alikuja na baiskeli ya tairi nene, zile zinazofanana na pikipiki iliyosahau injini. Baiskeli hizi ni kama za nyumbani hapa. Surly, kampuni ya Bloomington jirani yetu, ilitoa Pugsley yake mwaka 2005, na sasa zimejaa kwenye theluji kama ng'ombe malishoni. Alikuwa mzee mwenye ndevu zilizoganda zikawa vijiti. Akaniangalia, akaiangalia friwili, akasema leo kuna kaubaridi kidogo. Watu wa Minnesota ndivyo walivyo; nyumba ikiwaka watakwambia pana joto joto.

"Umeiosha?" akaniuliza.

Nilikubali kwa kichwa, kama mshtakiwa.

Hakucheka, na kwa hilo nitamkumbuka. Akatoa mfukoni vifungio vya plastiki, vile mafundi umeme wanavyofungia nyaya, akaifunga gia kubwa ya nyuma kwenye spoki za gurudumu, vifungio sita, akavikaza kwa meno. Sasa gia na gurudumu vimekuwa kitu kimoja, friwili haina kazi tena. Akaniambia nipande, niende polepole, na jambo moja tu nisisahau: nisiache kukanyaga. Gurudumu likizunguka, pedeli zinazunguka. Nikijaribu kuzizuia kwa miguu, cheni italegea ining'olee gia. Kisha akaondoka zake. Nilimwona akipungua mpaka akawa nukta.

Tangu nijifunze kupanda baiskeli nimekuwa nikiiendesha mimi. Siku hiyo iliniendesha yenyewe. Kwenye tambarare tulielewana. Kwenye mteremko wa kurudi Greenway miguu yangu ilikwenda kasi ambayo sikuiamuru, magoti yakipanda hadi karibu na kidevu, na mikono imeng'ang'ania breki. Nilipita wapenzi wawili wanatembeza mbwa. Mbwa alikaa chini.

Nikaona bora nipande juu, nirudi kwa Barabara ya Lake, ambako ni tambarare na kuna taa za kusimamia. Nilipofika kwenye taa nyekundu ya kwanza ndipo nilipotambua habari ya kanga. Pumzi yangu ya saa nzima ilikuwa imeilowesha, baridi ikaigandisha, na sasa ilikuwa imesimama mbele ya uso wangu ngumu kama ubao wa duka, imeshikana na ndevu. Nilijaribu kuishusha. Ikavuta ndevu. Nikaiacha.

Kituo cha basi kilikuwa pale pale pembeni. Palikuwa na mwanamke mmoja tu, amejifunika mtandio na koti refu hadi kwenye vifundo, akipigapiga miguu chini. Alinitazama usoni, akainamisha kichwa kidogo kama anayesoma tangazo, kisha akapasuka kwa kicheko ambacho sijakisikia tangu niondoke pwani.

"Yarabi!" alisema, kwa Kiswahili cha Mombasa kisicho na chembe ya theluji. "Hasidi hana sababu!"

Hivyo ndivyo kanga ilivyoandikwa. Nilikuwa nimeupitia mji mzima, ziwa zima na wavuvi wote, nikiwa nimebandikwa maneno hayo mdomoni kwa herufi kubwa.

Nikataka kumsalimu, ikatoka sauti ya mtu aliye ndani ya mtungi. Yeye akazidi kunikagua: tairi za misumari, vifungio vya umeme kwenye spoki, theluji iliyobaki ubavuni, machozi yaliyogandia kwenye kope. Akafuta yake ya kicheko kwa pembe ya mtandio.

"Haya, ndugu yangu," akasema. "Hasidi hana sababu, hilo tumelisoma. Na wewe je? Sababu yako gani?"

Jibu nilikuwa nalo, naapa. Nilikuwa nimelitafuta kwa misimu kadhaa, tangu siku ile ya mama kwenye simu, na pale kwenye taa ya Lake lilinijia zima, kwa Kiswahili fasaha. Nikafungua mdomo. Kanga haikufunguka. Taa ikawa kijani, gari la nyuma likapiga honi, nikakanyaga mara moja tu, na pedeli zikanichukua.