Sifa za Namba ya Jukwaani

Samaki akipigwa na jua kwa saa 2 pale ufukweni Kigombe, bei yake huanza kuteremka, na dalali anayeijua kazi hupandisha sauti kadiri samaki anavyolegea. Namba ya jukwaani haina udhaifu huo. Haitaki barafu wala chumvi. Ikitamkwa mwezi wa kampeni, unaweza kuiweka miaka 5 na kuitoa tena ikiwa ileile: ajira laki kadhaa, viwanda elfu kadhaa, mapato trilioni kadhaa. Wengi wamekwisha kuisema vibaya. Magazeti huiita upotoshaji, wachumi huiita makadirio, na wapinzani huiita uongo mpaka siku watakayopata ya kwao. Naona imeonewa. Kiumbe kinachotoka Dodoma, kikapita Tanga mjini, kikafika kijiji cha wavuvi na wakata mkonge wilayani Muheza bila kulipa nauli wala kukwama kwenye matope ya njia ya Pangani, kinastahili kupata wa kukisemea.

Kwanza ni karimu. Julai 2017 Mamlaka ya Mapato iliidai kampuni ya dhahabu ya Acacia dola bilioni 190, kodi pamoja na riba na adhabu. Kwa fedha yetu ya wakati ule, trilioni 424 hivi. Pato la nchi nzima kwa mwaka lilikuwa kwenye dola bilioni 50 na ushee, kwa hiyo deni la kampuni moja lilikaribia mara nne ya jasho la mwaka mzima la Watanzania wote. Mwenye roho mbaya angesimama hapo akauliza inawezekanaje. Mtaa haukuwa na roho mbaya, mtaa uligawa. Trilioni 424 kwa watu zaidi ya milioni 50 ni kama milioni 8 kwa kila kichwa, na milioni 8 ni gari la Noah lililotumika. Basi kila Mtanzania akawa na Noah yake, mtoto mchanga naye na ya kwake, hata kule ambako Noah ikiingia mchangani haitoki. Mwaka 2019 serikali na Barrick, mmiliki wa Acacia, walipopatana, malipo ya kumaliza mgogoro yalikuwa dola milioni 300, pamoja na hisa za serikali asilimia 16 migodini. Si haba, na hisa ni kitu cha kudumu, tusiwe wachoyo wa kusema hivyo. Ila wafanyakazi wa korona, mtambo wa kuchambua mkonge, wana hesabu yao. Kilo 100 za majani ya mkonge zikipita mashineni, zinatoka singa kilo 4 hivi; zilizobaki ni maji ya kijani na makapi. Korona haijawahi kuionea haya 4 yake. Namba ile ya 2017, kwa fedha ya mkononi, haikutoa hata 1 kwa 100, na bado ndiyo iliyopigiwa makofi.

Pia ni nadhifu. Mwaka 2023, wakati wa mjadala wa kampuni ya Dubai ya DP World na bandari ya Dar es Salaam, serikali ilieleza kwamba ajira zitokanazo na bandari zitapanda ndani ya miaka 10 kutoka 28,990 hadi 71,907. Mtazame huyo wa mwisho, mtu wa 71,907. Pengine wakati ule alikuwa darasa la tatu, hajui hata bahari iko upande gani, lakini nafasi yake ilikwisha hesabiwa. Ingesemwa elfu 70 hivi, msikilizaji angejua anakadiriwa. Wale 7 wa mwisho ndio wanaomfanya aamini kwamba kuna mtu alikaa akahesabu. Na asidhani mtu kwamba unadhifu huu ni mali ya chama kimoja. Upande wa pili ulikuwa na namba yake, miaka 100, na sentensi yake fupi, bandari imeuzwa. Makubaliano na Dubai yaliyopitishwa na Bunge Juni 2023 yalikuwa na kasoro ya kutosha kuhojiwa kwa utulivu, maana hayakutaja idadi ya miaka. Lakini “hayakutaja idadi ya miaka” ni maneno yasiyochezeka ngoma. Miaka 100 inachezeka. Mikataba iliposainiwa Oktoba mwaka huohuo ilikuwa ya miaka 30, kwa gati namba 4 hadi 7, na aliyekwisha kulia kwa ajili ya miaka 100 hakurudishiwa machozi yake.

Ukoo wake ni mkubwa na umesafiri. Uingereza mwaka 2016 ulipanda basi jekundu la kampeni ya kujitoa Umoja wa Ulaya, lililoandikwa pauni milioni 350 kwa wiki, na mamlaka ya takwimu ya huko ilipolalamika kwamba namba hiyo inapotosha, basi liliendelea na safari. Marekani Rais Donald Trump amerudia mara nyingi kwamba ushuru wa forodha unalipwa na nchi za nje. Mtu yeyote aliyewahi kutoa mzigo bandarini Tanga anajua risiti huandikwa jina la nani.

Siri ya maisha yake marefu ni kwamba haivai kipimo. Mashamba ya mkonge ya Tanga, Kigombe ikiwemo, yalikuwa na kipimo. Manamba aliyeletwa kutoka bara alipewa kipande, kadi ya siku 30. Kila siku aliyomaliza kazi yake iliwekewa alama, na alama zikitimia ndipo akalipwa. Ulikuwa utaratibu wa kikoloni na wa kunyonya, hakuna haja ya kuupaka hina. Lakini ulipomwuliza mtu kama ana kazi, alitoa kadi na wewe ukahesabu siku. Neno ajira likipanda jukwaani huvua kadi hiyo na kubaki kichwa kitupu. Agosti 5, 2017, marais Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi huko Chongoleani, kaskazini ya mji wa Tanga: kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi baharini. Namba iliyozunguka ni ajira zaidi ya 10,000, na wala si ya kubuni. Mtaro wa urefu ule unataka wachimbaji, wachomeleaji, madereva, wapishi na walinzi. Ila mtaro ukishafukiwa, mafuta hutembea yenyewe, hayabebwi kichwani. Kibarua wa miezi michache na fundi mitambo wa miaka 20 wamehesabiwa kichwa kimoja kimoja. Watu wa Tanga wana msemo wao wa zamani, waja leo waondoka leo, na sidhani aliyeutunga alikuwa na habari za bomba.

Hapo bado hujafika kwenye ajira zisizo za moja kwa moja, ambako namba yetu huonyesha ufundi wake wote. Mama anayekaanga vitumbua kando ya barabara amekuwa akikaanga tangu mradi haujawa hata wazo. Siku kambi ya wajenzi inafunguliwa jirani yake, anaamka akiwa ajira mpya, chungu kilekile, mwiko uleule. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya kipato kwa saa 1 ndani ya wiki inayohesabiwa ana ajira. Watakwimu wana sababu zao za kukitumia, maana wao hukichapisha pamoja na saa na vipato. Jukwaani huja kichwa, kiwiliwili kimebaki ofisini. Ilani ya CCM ya 2020 iliahidi ajira zisizopungua milioni 8, na vyama vingine vikashindana nayo kwa ahadi, si kwa kuuliza saa. Linganisha na namba isiyo na adabu ya jukwaa: gati la Tanga kuchimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13, ili meli zisitie nanga mbali na kushusha mizigo kwa matishari. Meli ikija, ama inagusa chini ama haigusi. Namba ya namna hiyo haina maisha. Inakufa siku ya kwanza ya kazi, ikiwa kweli au uongo.

Hata kweli tupu huweza kulelewa vizuri. Julai 1, 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania kwenye kundi la uchumi wa kati wa chini, kwa pato la dola 1,080 kwa mtu wakati mstari ulikuwa 1,036. Ilikuwa habari njema na ya kweli, yenye upana wa dola 44. Weka nguru mmoja wa kilo 20 na dagaa 19 kwenye ngalawa moja: kwa wastani kila samaki ana kilo 1, na hakuna mchuuzi atakayemwona samaki huyo wa kilo 1.

Watetezi wake wa dhati husema makadirio si uongo, na methali iko upande wao: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hoja yao nzito iko palepale njia ya Pangani. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ikapandwa Kikogwe ilikuwa 62. Mtu angesimama siku hiyo akasema itazaa tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka, angechekwa, na kufikia 1964 ilikuwa imezaa. Kweli kabisa. Ila tunajua habari hiyo kwa sababu kuna aliyeandika 62 pembeni ya 1,000. Alihesabu na iliyokufa. Jukwaani miche haifi. Ndiyo maana simulizi ya kuanguka kwa mkonge nayo hupewa mkosaji mmoja, Azimio la Arusha la 1967, ingawa bei ilikwisha anza kuporomoka kabla yake, kamba za plastiki zilipoingia sokoni; na utaifishaji nao una sehemu yake, lakini “sehemu” ni neno jingine lisilochezeka. Kisha kila uchaguzi enzi ya mkonge huahidiwa upya, kama silikanti, yule samaki aliyedhaniwa ametoweka mamilioni ya miaka, ambaye hifadhi yake ya bahari ilitangazwa mwaka 2009 kutoka Tanga hadi Kigombe hapa. Tofauti ni kwamba silikanti akinaswa huonekana.

Wengine hujibu kwamba wananchi hawadanganyiki, wanakuja kuchukua fulana na kofia tu. Jibu hilo linawaheshimu wananchi lakini linaidharau namba. Kwa ajili yake mtu huuza shamba la minazi au hukopa bodaboda akingoja wafanyakazi wa mradi. Fedha anayolipa ni ya kweli. Tena wapo waliotaka kuilinda jamii kwa sheria. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalifanya kosa kuchapisha takwimu zinazopotosha au kupingana na zile rasmi, Benki ya Dunia ikaeleza wasiwasi wake, na mwaka 2019 sheria ikalegezwa. Namba ya jukwaani haikukosa usingizi hata siku moja katika mwaka huo. Aliyekosa usingizi ni mtu mwenye kalamu na kikokotoo aliyetaka kuipima.

Kasoro yake ni moja tu, na ni ya ratiba. Isifike Kigombe asubuhi. Saa za asubuhi mashua zinarudi, na wanawake wa mnadani, kabla hawajatoa hata mia, wanafunua shavu la samaki kuona kama ndani pangali pekundu, wanabonyeza ubavu, wanauliza ni wa usiku huu au wa jana, fungu lina wangapi, na wa chini ya beseni wanafanana na wa juu. Magari ya vipaza sauti na yaje alasiri, beseni zikishaoshwa.