Mjomba Ajibu Barua za Bustanini

Kila ifikapo Machi, barua za Mjomba huwa za aina moja. Waswahili wa Uingereza wamechoshwa na miezi ya giza na makoti, wameliona jua dirishani, na mtu mmoja kwenye kundi la WhatsApp la familia ameandika: twendeni Kew, ile bustani ya mimea ya London, tukaone maua. Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Mjomba, ambaye kazi yake hasa ni ugomvi wa mahari, ameona azikusanye barua hizo zote na kuzijibu kwa mkupuo mmoja.

Wa kwanza ni "Aliyepitwa" wa Leicester. Huyu alikata tiketi za ukoo mzima tangu Januari, akachagua Jumamosi ya mwanzo wa Mei kwa sababu ndiyo siku binamu zake wote walikuwa na nafasi, ili wapigwe picha chini ya micheri iliyochanua. Walipofika walikuta majani ya kijani, basi. Anauliza kama anaweza kudai fidia.

Mjomba anamkumbusha kwamba mcheri haumo kwenye kundi la WhatsApp. Maua ya Kew hufuata joto. Krokasi hujitokeza Februari na Machi, dafodili hufuata, magnolia hupasua matumba yake Machi ikielekea Aprili, na micheri kwa kawaida huchanua Aprili, kisha upepo wa siku moja tu unaweza kuipukutisha. Kule Kyoto, Japani, ambako habari za kuchanua kwa micheri zimeandikwa kwa zaidi ya miaka 1,200, kilele cha mwaka 2021 kilifika tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia kwenye kumbukumbu hizo. Kwa hiyo Aliyepitwa hana haja ya kujilaumu, ila fidia hapati. Tena anapaswa kujua kwamba mwanzo wa Mei ndio wakati wa blubeli, yale maua ya buluu yanayoinama kama kengele, ambayo hutanda chini ya miti upande wa kusini-magharibi wa bustani. Bustani ina hekta 132. Ukoo mzima ulisimama chini ya mti mmoja ukinung'unika, na hakuna hata mmoja aliyefungua ramani.

Barua ya pili imemsumbua Mjomba zaidi. "Mkwe Mwema" wa Reading alimpeleka Kew mama mkwe wake, aliyekuja matembezi kutoka Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Alimwambia baridi imekwisha. Mama akatoka na dera na ndala, katika Aprili ya London ambayo mchana wake huwa nyuzi 14 au 15 hivi, akatetemeka tangu stesheni ya treni hadi langoni. Mkwe akamkimbiza ndani ya Palm House, jumba la vioo la mimea ya nchi za joto, apate joto. Miwani ya mama ikajaa mvuke. Akaifuta, akaivaa, akainua macho, akaona mgomba. Akauliza kwa sauti iliyowafikia hata Wajerumani waliokuwa juu kwenye roshani: "Umetoa hela yako nije nitazame mgomba?" Tangu siku hiyo wawili hao hawazungumzi ila salamu.

Mjomba anaanza na kosa lililo wazi: mtu asimwambie mama mkwe kwamba baridi ya Uingereza imekwisha. Haiishi, hupumzika. Kosa la pili ni kumwingiza mzee mahali bila kumweleza alipo. Palm House ilijengwa kati ya 1844 na 1848, kazi ya Decimus Burton na Richard Turner, kwa chuma na vioo na kwa ufundi uliotokana na kuunda meli. Ndani yake umo mmea wa Afrika Kusini uitwao Encephalartos altensteinii, uliofika Kew mwaka 1775, miongo kadhaa kabla nyumba yenyewe haijajengwa, na hadi leo unaishi kwenye chungu. Mama anayejua kutunza mimea angeuheshimu mmea huo. (Anayepanga kwenda aulize kwanza kama nyumba ipo wazi, kwa maana imepangiwa ukarabati mkubwa.)

Lakini kosa kubwa ni kwamba Mkwe Mwema alikuwa na mtu wa Usambara mkononi, asijue la kumwambia. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliokota huko kimmea chenye maua ya zambarau, akakipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen mjini Hanover, akakipa jina Saintpaulia. Leo vizazi vya kimmea hicho huuzwa kwenye supamaketi na hukaa madirishani mwa bibi wa Kizungu kuanzia London hadi Chicago, wakati ndugu zake wa porini wanaendelea kung'ang'ania miamba yenye kivuli kule milimani, na kila msitu unapokatwa kivuli hicho hupungua. Habari hiyo ingetosha kumfanya mama atembee Kew kifua mbele.

Na kama isingetosha, ipo kazi iliyoanzishwa Kew mwaka 1948 ya kuandika mimea yote ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania. Ilikamilika 2012. Walioianza wengi hawakuiona ikiisha, na mimea iliyoorodheshwa ilifika aina 12,104. Mjomba anashauri hivi: Mkwe Mwema akasafiri Tanga, amwombe mama mkwe ampeleke Amani, Usambara Mashariki, kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Huko mama ndiye atakuwa mwenyeji. Kiingilio alipe mkwe, na kuhusu migomba asiseme kitu.

"Kamati ya Sikukuu" ya Milton Keynes inauliza kama inaweza kuchoma nyama Kew. Haiwezi. Jiko la mkaa ni marufuku, na mpira pia. Chakula cha kubeba kinaruhusiwa: sambusa, kachori, chupa ya chai ya tangawizi, mkeka. Wanaopokea posho ya Universal Credit hukata tiketi kwa pauni moja, jambo ambalo kamati ingelijua mapema isingeitisha mchango mara mbili.

"Kapera" wa Birmingham ana miaka 39. Ameambiwa na mama yake kwamba majira ya machipuko hulainisha mioyo, kwa hiyo hukaa benchi moja chini ya magnolia pale Kew, Jumapili baada ya Jumapili, akiwa amejipulizia udi. Hakuna aliyemsogelea ila bata bukini.

Mjomba anamwomba ainuke, aende Temperate House, jumba lililofunguliwa tena 2018 baada ya matengenezo ya miaka mitano, akaulizie Encephalartos woodii. Mmea huu ni dume. Uligunduliwa mwaka 1895 na John Medley Wood katika msitu wa Ngoye, Afrika Kusini, kishada kimoja tu, na wa Kew ulifika 1899. Yote iliyopo duniani imetokana na machipukizi ya kishada hicho, na jike halijaonekana popote. Watafiti wamefikia hatua ya kurusha droni juu ya msitu wa Ngoye wakilitafuta. Mwaka 2004, baada ya miaka 105 Kew, mmea ukatoa koni yake ya kwanza pale, tayari kabisa kwa ndoa isiyokuwepo. Kapera akishauona, arudi nyumbani apunguze udi, ajiunge na chama cha kuimba au darasa la mapishi, mahali ambapo watu huzungumza.

Wa mwisho ni "Mkono Mwepesi" wa Luton. Mama yake, aliyeko Mombasa, humwagiza kijitawi cha kila ua analoliona, naye anauliza kama kukata kidogo ni wizi. Ni wizi. Kuna yungiyungi dogo kuliko yote duniani, Nymphaea thermarum, jani lake linaweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Liligunduliwa mwaka 1987 kwenye chemchemi ya maji moto ya Mashyuza, Rwanda, na maji yalipochepushwa likatoweka pale. Kew, mtaalamu Carlos Magdalena alihangaika na mbegu hadi akabaini kwamba, tofauti na ndugu zake, hazitaki kuzamishwa sana. Likaota. Januari 2014 mtu akaling'oa moja, akaondoka nalo. Mama wa Mombasa apelekewe pakiti ya mbegu kutoka dukani.

Barua za kuuliza kama mbwa anaruhusiwa kuingia hazitajibiwa tena. Haruhusiwi, isipokuwa wa kumsaidia mwenye ulemavu.