Mbegu Zisizoota

Asubuhi ya kwanza tulidhani ni mbegu za mchicha. Nilikuwa nafagia chumba cha mama mkwe wangu, fagio likatoa uvunguni kijilima cha punje ndogo za kahawia, nyingine zinakaribia weusi, zote pamoja hazijai kijiko cha chai. Mama huweka mbegu zake kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, na mjukuu wake wa miaka 6 hupenda kulitikisa kama kayamba. Mtoto akaitwa, akaulizwa, akakana. Kesho yake punje zimerudi, palepale. Akakana tena, safari hii kwa machozi. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote: mtoto alikuwa anasema kweli, na sisi watu wazima watatu hatukumsadiki.

Kitanda chenyewe kilitokana na nyumba ya marehemu baba yangu, Muheza. Kaka zangu walipokubaliana kuibomoa wajenge ya tofali za saruji, mchoma matofali mmoja alikuwa ameshataja bei ya kenchi zote ziende tanurini. Nikakataa katakata. Chini ya zile kenchi ndipo nilipozaliwa. Mume wangu akakodi kirikuu, na kwa safari mbili mbao zote zikafika kwetu.

Nyingi zilikuwa za mvule. Mvule ukipasuliwa leo ni wa manjano, ukikaa miaka darini hugeuka kahawia iliyoiva, na mchwa wa ardhini hawaupendi. Seremala wetu alizipapasa, akanyamaza kidogo, kisha akatuonya: mti huu wakati mwingine huficha ndani yake jiwe la chokaa, gumu, linalokula meno ya msumeno. Vumbi lake nalo huwasha ngozi na koo, kwa hiyo hakugusa ubao mpaka alipojifunga kitambaa puani. Jiwe hatukulikuta. Tulikuta msumari uliokatika kichwa zamani ukabaki umezama ndani. Kisu cha mashine ya randa kilipougonga kikamegeka, na kisu kipya tukalipia sisi. Ilikuwa haki. Jioni ile mume wangu aling'oa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, akaifunga kamba, na tangu hapo hakuna ubao ulioondoka uani kabla haujapitishiwa sumaku pande zote nne. Tulipata misumari mingine 7.

Likatoka benchi la barazani, mlango wa jiko, hori la mbuzi, na kitanda cha mama.

Kosa lilikuwa kwenye chaga. Baba alipoongeza chumba cha nyuma, uzeeni, alikiezeka kwa mbao laini za paini, zile zinazoletwa kutoka Mufindi. Wakati wa kupakia hatukuzitenga na za mvule. Kwa nje zilikuwa nyeupe na safi, nyepesi mkononi, na fundi akaona zinafaa kubeba godoro. Mimi mwenyewe nilimwambia azitumie.

Mama si mtu wa kutupa mbegu. Kila nilipofagia alizipokea punje zile, akapepeta vumbi, akazirudisha kopoini. Zilipotosha akalima tuta dogo nyuma ya jiko, akazisia, akamwagilia asubuhi na jioni. Mchicha hauchelewi; kwa kawaida siku ya tano umeshachungulia. Zikapita siku 10, tuta liko vilevile, udongo mtupu. Siku ya 11 akakaa barazani, punje kadhaa kiganjani, akamwita mjukuu wake.

"Njoo hapa, mume wangu. Wewe una macho."

Mtoto akainama mpaka pua ikakaribia kiganja.

"Bibi, hizi siyo mviringo. Zina pande. Kama penseli."

Mbegu ya mchicha ni ya mviringo na inang'aa. Hizi zilikuwa na pande 6. Nilizihesabu mwenyewe pale juani, moja baada ya nyingine, na mikono ikaanza kunitetemeka, maana sasa nilijua swali lilipaswa kuulizwa kwa kitanda.

Mume wangu akainua godoro, akagonga chaga moja moja kwa mpini wa nyundo. Nne ziliitika kwa mlio wa kibuyu. Akaikandamiza mojawapo kwa kidole gumba, kidole kikazama. Ndani kulikuwa na vyumba na vichochoro, na wadudu weupe wakikimbia mwanga. Ni mchwa wa mbao kavu. Hawa hawahitaji udongo wala hawajengi njia za tope ukutani, ndiyo maana hatukuwaona. Huishi ndani ya ubao wenyewe, wakaula mpaka uso wa nje ubaki mwembamba kama karatasi, kisha hutoboa tundu dogo la kusukumia nje kinyesi chao. Punje zile ndizo hicho kinyesi.

Mama alilitazama kopo lake, mbegu halisi na uchafu vimechanganyika. Hakulisemea. Alimpakata mtoto, akamwambia, "Nisamehe, mume wangu." Nami nikamwomba radhi, na baba yake vilevile, mbele ya bibi yake.

Paini yote tuliichoma siku hiyohiyo uwanjani, yenye matundu na isiyo nayo. Fremu ya mvule iligongwa kila inchi, ikaitika imara. Chaga mpya zilikatwa kwenye mvule uliobaki, nzito mno, watu wawili hukigeuza kitanda kwa taabu, na uvunguni hapajaonekana punje tena.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nyumba ya wazee ikibomolewa, wahi kabla ya mchoma matofali. Nenda na nyundo ya kugongea na sumaku ya kupitishia, na mbao za kila chumba ziweke peke yake.