Wati Elfu Kumi na Mbili

Kuna swali ambalo siku hizi naliogopa kuliko hodi ya mwenye nyumba: "Mzee, unatumia ampu gani?" Huulizwa na vijana wanaojifunza gita, na huliuliza wakiwa wamekwisha kujijibu. Wametazama video za Wazungu wenye ndevu, waliokaa katika vyumba vilivyojaa Fender, Marshall na Vox, na wanajua hadi namba ya valvu iliyomo ndani. Wanachongoja ni nitaje mojawapo wapate kuniheshimu. Nikiwaambia kwamba ampu yangu huchaguliwa na makanga wa matatu ya namba 46, wananitazama kwa huruma, kisha wanarudi kwenye simu zao.

Basi tuichukue hiyo Fender Twin Reverb wanayoiota. Ilitoka mwaka 1963, ina wati 85 za valvu na spika mbili za inchi 12, na sina ubishi nayo: sauti yake ni safi, inang'aa, na unaweza kuifungua sana kabla haijaanza kukwaruza. Pia ina kilo 29. Habari ya kilo wale wenye ndevu huipitia mbio mbio mwishoni, maana wao huitoa gereji wakaiweka garini. Mimi ningeitoa orofa ya nne Kawangware, kwenye ploti isiyo na lifti, niifikishe stejini huku nikihema, ndipo mazungumzo yaanze.

"Mzee, hiyo friji unapeleka wapi?"

"Si friji, ni ampu ya gita."

"Hiyo ni viti mbili. Na mvua ikinyesha ni tatu."

Ukikataa, wa boda boda yuko pale anakusikiliza. Nimewahi kuiona Twin ikitoka Kangemi kwenda Westlands kwa pikipiki, imefungwa kwa mipira, na mwenyewe kaikumbatia kwa nyuma jinsi ambavyo sidhani amewahi kumkumbatia mama watoto. Valvu ni vichupa vya kioo. Matuta ya barabarani unayajua.

"Si uende Luthuli," wananiambia, "kule kuna kila kitu." Nimekwenda. Tena naipenda Luthuli tangu ilipotengenezwa upya mwaka 2019, ikawa ya njia moja na sisi wa miguu tukapanuliwa mahali pa kupita. Pale palipopanuliwa pamejaa spika. Kila duka limetoa zake nje na kila spika ina wimbo wake, hata ukitoka Tom Mboya ukafika River Road umesikiliza injili, mugithi, gengetone na tangazo la dawa ya panya kwa wakati mmoja. Katikati ya vurugu hiyo muuzaji anakuwekea gita mkononi na kukwambia ujaribu, usikie vile sauti ilivyo safi.

Halafu kuna mambo ya wati. Nilionyeshwa boksi ninaloweza kulitia kwapani, limeandikwa kwa dhahabu: wati 12,000 PMPO. Sikusoma sayansi sana, lakini kuzidisha najua. Soketi ya ukutani nchini Kenya inatoa volti 240, na plagi yetu ya miguu mitatu haina fyuzi inayozidi ampea 13. Zidisha. Utapata wati 3,120, na hapo umechukua kila kilichomo ukutani, hata cha kuwasha taa hakikubaki. Nikamuuliza muuzaji hizo wati 8,880 zilizosalia zinatoka wapi.

"Boss," akasema bila kupepesa, "hizo ni za besi."

PMPO ni kilele cha nguvu ambacho mtengenezaji anadai kingefikiwa kwa muda wa kufumba na kufumbua, na hakuna kanuni inayosema kipimwe namna gani. Anajitungia mtihani, anajisahihishia, anajipa cheti. Lakini usifikiri wati za kweli ndizo zenye uaminifu. Ukiongeza nguvu ya ampu mara mbili, kutoka wati 50 hadi 100, umepata desibeli tatu tu. Ukitaka sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, huna budi kuongeza nguvu kama mara kumi. Na spika nzuri ya gita ya inchi 12, ukiipa wati moja, moja tu, inatoa karibu desibeli 100 kwa umbali wa mita moja. Ugomvi wote niliousikia maishani kati ya wapiga gita wa wati 50 na wa wati 100, pamoja na ule uliovunja bendi moja nzuri sana pale Dagoretti Corner, ulikuwa ugomvi wa desibeli tatu.

Wati moja, desibeli 100. Sasa soma kanuni za kelele za mwaka 2009. Mahali palipochanganyika makazi na burudani, mchana unaruhusiwa desibeli 55. Usiku 35. Na usiku wa serikali unaanza saa mbili na dakika moja jioni. Bendi yetu hupanda jukwaani saa tatu. Kwa desibeli 35 sizungumzii gita tena, nazungumzia mteja anayefungua pakiti ya karanga. Mwezi wa Novemba 2022 kaunti ya Nairobi ilipofuta leseni za vilabu vilivyo ndani ya mitaa ya makazi, watu wa Kilimani na Kileleshwa walilala usingizi wa kwanza wa maana kwa miaka mingi, na sina la kuwalaumu, kwa sababu hata mimi nikitoka kazini silali kwa sababu ya kilabu kilicho nyuma ya ploti yetu. Lakini tangu siku hizo meneja mmoja wa Westlands ninayempigia hutembea na simu yenye programu ya kupima kelele. Anainyoosha mbele ya ampu yangu kabla sijagusa uzi, kisha anatikisa kichwa.

Anayemalizia kazi ni fundi mitambo. Huyu hata umpelekee ampu ya malaika atasema maneno mawili tu: "Shusha jukwaa." Ataweka maikrofoni mbele ya spika yako, sauti yako ataipeleka kwenye miksa, atoe kwa wateja kiasi anachopenda yeye, na wewe ubaki na ampu ya wati 85 iliyofunguliwa kwenye moja. Ule utamu wa valvu wanaousifu kwenye video unatoka valvu zikisukumwa. Ukizifungua kwenye moja, ulichobaki nacho ni kilo 29.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba mafundisho hayo yote hayakuandikwa kwa ajili ya muziki wetu. Wenye ndevu wanatafuta ampu inayovunjika vizuri, inayounguza sauti. Nani aliwahi kuunguza benga? Msikilize D.O. Misiani na Shirati Jazz pale waimbaji wanaponyamaza na gita la solo linaachiwa uwanja: kila noti imesimama peke yake, unaweza kuzihesabu. Wasikilize Les Wanyika, waliojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, jinsi gita la rithimu la Omar Shabani linavyotembea bila kumkanyaga mwenye solo wala mwenye besi. Muziki huo unataka sauti kavu, nyembamba kidogo, isiyochoka. Kwa kazi hiyo Wajapani walitoa Roland JC-120 mwaka 1975: transista tupu, bila valvu hata moja, wati 60 upande huu na 60 upande ule. Wapenzi wa valvu wanasema ni baridi. Na iwe baridi, sisi tutaitia joto kwa vidole. Ina kilo 28.

Wazee waliotutangulia hawakuulizwa swali hili la ampu, kwa sababu vyombo havikuwa vyao. Vilikuwa vya mwenye bendi, au vya mwenye klabu, na ukikosana naye ulitoka mlangoni na vidole vyako kumi. Nadhani hiyo ndiyo sababu bendi nyingi mjini hapa ziligawanyika na kuzaa nyingine. Sasa tumekombolewa. Kila mtu ana vyombo vyake, na kila mtu anavibeba mwenyewe hadi orofa ya nne saa kumi za alfajiri, stima ikiwa imepotea.

Stima nayo ni mshauri. Mpiga besi wetu aliletewa ampu na shemeji yake kutoka Marekani, kitu kizuri, kimevishwa kitambaa cha fedha. Kule ukutani mna volti 120. Kwetu ni mara mbili yake. Ilitoa harufu kabla ya kutoa sauti. Hata hizi za volti 240 hazina amani, kwa maana nusu ya kazi zetu ni za kwenye uwanja wa nyumba ya mtu, ruracio (sherehe ya mahari) ya Kinoo au bathidei ya Lavington, na jenereta ni moja. Tunagawana na mpishi, na mpiga picha, na lile puto kubwa wanalorukia watoto. Puto likijazwa upepo, gita langu linazama. Puto likishiba, gita linaibuka na kumziba bibi harusi mtarajiwa kinywa.

Nikaona nijifariji kwa studio. Nilijua kwamba huko hakuna meneja wala puto, ampu itapewa heshima yake. Nikaiburuta hadi Kilimani, kwa prodyuza aliyezaliwa nikiwa nimekwisha kubadilisha nyuzi mara nyingi. Akaniambia, "Karibu mzee wangu, hiyo iache tu hapo kwa mlango." Akachomeka gita langu kwenye kisanduku, kisanduku kwenye laptopu, akafungua orodha. Mlikuwa na Twin, Vox AC30, Marshall za miaka yote, na kabati la spika ambalo unaweza kulisogeza ukutani kwa kidole. Nilinuna nikapiga. Lililoniudhi ni kwamba ilisikika vizuri. Akaniuliza kama ningependa aongeze na ule mvumo wa valvu kuukuu, upo, ni kitufe.

Kwa hiyo, vijana, shikeni kalamu. Isizidi kilo 15, makanga asiione. Isiwe na kioo ndani. Iwe safi hata ukiifungua nusu. Nyuma iwe na tundu la kupeleka sauti moja kwa moja kwenye miksa, fundi mitambo asipate kisingizio. Fender wenyewe waliona haya mwaka 2019 wakatoa Twin ya kidijitali yenye sura ile ile na nusu ya uzito, Tone Master, ambayo kwa bei yake karibu ungenunua pikipiki ya kuibebea ile ya zamani. Mimi nilinunua ndogo zaidi, ya transista, na kwa muda nilikuwa mtu mwenye raha.

Jumamosi nikaipeleka Uthiru kwenye sherehe. Nimeiweka vizuri, nimerekebisha besi na treble, nimepiga noti mbili na wazee wakageuka. MC akaja, akachomoa waya wa gita langu kwa adabu zote, akachomeka maikrofoni yake. Alipomaliza akampa mchungaji, na mchungaji akampa mjomba wa bwana harusi, mtu wa maneno mengi. Katikati ya hotuba mjomba akanitafuta kwa macho.

"Wewe mzee wa gita," akasema, "hebu ongeza kidogo. Huku nyuma akina mama hawasikii."