Nimepanda Ndege Kwenda Kulamba Mawe

Jirani, usinione nimekonda ukadhani ni mapenzi. Nimetoka shule. Mtu mzima na kipara changu, nimepanda ndege kwenda kusoma binadamu katokea wapi. Wiki nne, kiangazi cha wenyewe, kazi kuchimba. Ufadhili ulilipa nauli. Aibu nilijilipia.

Nchi yenyewe Georgia. Siyo ile ya Marekani. Hilo nimelieleza mtaa mzima na bado shemeji kaagiza raba na simu. Hii ni ile iliyopakana na Uturuki, mji mkuu Tbilisi, na kijiji tulichochimba kinaitwa Dmanisi. Hebu kitamke. Mimi nilijaribu wiki nzima, mpaka wenye kijiji wakaniomba niache.

Pale yamefukuliwa mafuvu matano ya watu wa kale, umri wao miaka milioni 1.8 hivi. Ndiyo mabaki ya zamani kabisa ya jamaa zetu yanayojulikana nje ya Afrika. Wazee wao walitoka huku kwetu kwa miguu, bila viza wala chanjo. Mimi nimekwenda kwa ndege, nikashuka miguu imevimba kama mabumunda.

Sasa sikia balaa. Siku ya kwanza tumekaa duara, kila mtu ajitambulishe. Nikasema natoka Tanzania, nafundisha historia sekondari. Kambi kimya. Wakanitazama kama nimetoka kuhiji jana. Binti mmoja akashika kifua: "Olduvai!" Nikaitikia kwa kichwa taratibu, kama mwenye shamba. Jirani, Olduvai sijafika. Nimezaliwa Tanga, nafanya kazi Dar, na kaskazini mwisho wangu Moshi, tena msibani. Ungekuwa wewe ungesema? Basi na mimi sikusema.

Mwalimu wetu, mzee wa ndevu nyingi, akaniomba niwaambie wenzangu nani aliliona lile fuvu la kale la Zinjanthropus, pale Olduvai, mwaka 1959. Aisee, hilo nalijua kama jina la baba. Nimelifundisha miaka 11, kidato cha kwanza, na asiyejua namsimamisha juani. "Dokta Leakey," nikasema. Akauliza yupi. Nikamjibu, kwani wako wangapi? Vicheko. Kumbe siku ile ya Julai Louis Leakey alikuwa anaumwa, kalala kambini. Aliyetoka na mbwa wake akayaona meno ya lile fuvu ni mkewe, Mary. Miaka 11 nampa sifa mgonjwa.

Mzee hakuniachia. Zinj maana yake nini? Nikakohoa. Akanieleza polepole, kama unavyomwelekeza mgeni choo kilipo: ndivyo Waarabu wa zamani walivyouita mwambao wa Afrika Mashariki. Mwambao! Kwetu! Haya, na fuvu lenyewe limetunzwa wapi? Nikasema Olduvai, kwa sauti ya kukisia. Akasema Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa. Jirani, si ndiyo pale Mtaa wa Shaaban Robert? Napita kila nikienda Posta kufuatilia malimbikizo ya mshahara. Kwenye foleni nimeshawahi kuegemea ule ukuta nikila karanga.

Toka hapo cheo kikashuka. Wenzangu wakagawiwa vieneo vya mita moja kwa moja, kamba pande zote, mwiko mdogo wa fundi na brashi. Mimi chekeche. Kutwa nachekecha vumbi la watu, mama angeniona angedhani nimeolewa. Kila kijiwe unakigeuza. Ukishindwa kujua ni jiwe au mfupa, unakigusa kwa ulimi. Mfupa wa kale unanata, jiwe halinati. Sikutanii. Na mimi nilidhani wananifanya mshamba, mpaka nikamwona mzee mwenyewe kautoa ulimi. Basi nikalamba. Nililamba nusu ya Georgia.

Wiki ya tatu kikanata! Nje ya kamba kidogo, nilikokwenda kuikimbia kazi. Nikapiga ukelele. Watu wakabwaga miko, wakaja mbio. Mzee akavaa miwani, akageuza, akanusa. Mfupa, ndiyo. Wa kondoo. Wanafunzi wa mwaka jana walichoma nyama pale.

Aliyenifariji ni kibogoyo. Kati ya yale mafuvu matano, moja ni la mtu aliyebakiwa na jino moja tu, na matundu ya meno mengine yameziba kabisa. Yaani aliishi miaka baada ya meno kung'oka. Wapo wataalamu wanaosema huenda wenzake walimsaidia kupata cha kula. Hapo nilitulia, jirani. Enzi zile, na mtu anakumbukwa chakula. Mimi nikajipa moyo, nikaomba ugali. Wakanipikia wa kwao, unaitwa ghomi, unga wa mahindi kabisa. Machozi yakanilenga. Halafu wakazamisha jibini katikati. Nikala kimya, jibini limening'inia kidevuni, kila mtu ananipiga picha.

Nimerudi, zawadi sina. Nikampa binti yangu wa darasa la tano picha nimeshika fuvu. Akaitazama. "Baba, hili la plasta?" Nikakubali. "Sisi tulikwenda na shule Posta, kumwona Zinja. Mwalimu akasema tusiguse hata kioo."

Nikamuuliza kama kuna aliyelamba. Akamwita mama yake.